Sumaku Ikichoka, Ni Nini Kimebadilika Ndani Yake?

Fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi, aliifungua mota ya boda ya umeme mbele yangu, akaanza kubandua sumaku zilizopangwa kwa duara ndani ya gurudumu. Ni vipande bapa, vyembamba kama biskuti, vinavyong'aa kwa sababu ya nikeli iliyopakwa juu kuzuia kutu. Boda hiyo ilikuwa ya kubeba kreti za soda na magunia ya viazi. Ilipandishwa milima mchana wa jua hadi mota ikachemka, na tangu hapo haikuvuta tena kama zamani. Fundi alikuwa na kipande kipya cha aina ileile, akavibandika vyote viwili kwenye kabati la chuma. Kile kipya nilikivuta hadi kucha zikauma. Cha zamani kilitoka kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, hii imechoka," akasema.

"Imechoka vipi, fundi? Si ni chuma kilekile?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Ukivipima vipande hivyo kwa mizani, uzito ni uleule. Ukivipeleka pale Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ambako eksirei hutumika kutambua elementi zilizomo kwenye udongo na madini, utarudishiwa orodha moja kwa vyote viwili: chuma kwa wingi, neodimiamu, na nikeli ya juu. Boroni iliyomo haitaonekana kabisa, maana ni nyepesi mno kwa kipimo hicho. Hata ukikisugua kipande kimoja na kukitazama kwa hadubini, punje zake zitakuwa na umbo lilelile la siku kilipotoka kiwandani. Punje hizo zilipikwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kwa hiyo joto la mota ya boda haliwezi kuzigusa.

Kilichobadilika ni mielekeo tu. Ndani ya sumaku kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo, na nguvu unayoisikia kwenye kucha ni jumla ya atomu zote zikielekea upande mmoja. Kwenye kipande kilichochoka, sehemu fulani zimegeuka na kuelekea upande wa pili, na zinafuta kazi ya zile zilizobaki. Hakuna atomu iliyohama wala iliyopotea. Sasa, kitu ambacho hakijahama utakionaje, tena ndani ya chuma kigumu?

Kabla ya kulijibu hilo, tuitazame sumaku yenyewe kidogo. Aina hii ilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, la Masato Sagawa huko Japani na la John Croat katika kampuni ya General Motors, Marekani. Katika fuwele yake, kila atomu 2 za neodimiamu zinakaa na 14 za chuma na 1 ya boroni. Usumaku wake hufa kabisa kwenye nyuzi 310 hivi za selsiasi. Lakini muulize muuzaji yeyote makini, atakwambia aina ya kawaida usiipitishe nyuzi 80. Kuna pengo kubwa hapo. Na liko lingine kubwa zaidi: ukipiga hesabu ya nguvu ya nje inayotakiwa kuigeuza fuwele kamilifu ya aina hii, unapata tesla 7 na ushee (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku). Sumaku za kawaida za sokoni hugeuka kabla ya kufika robo ya hapo. Wanafizikia huliita tatizo hili kitendawili cha Brown, kwa jina la William Fuller Brown aliyelionyesha katika miaka ya 1940.

Pengo hilo linatokana na jinsi sumaku ilivyojengwa ndani, zaidi ya kinachotokana na viungo vyenyewe. Sumaku ya kiwandani ni punje nyingi zilizoshikamana, kila moja ikiwa na upana wa mikromita chache, na katikati ya punje na punje pana utando wa unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ugeukaji huanza mahali palipo dhaifu, mara nyingi pembeni mwa punje, kisha unasambaa. Sweta ikishikwa uzi mmoja kwenye msumari, hufumuka kuanzia hapo. Iwapo utando wa katikati nao una usumaku, ugeukaji huruka kutoka punje hadi punje kama moto wa sokoni unavyoruka vibanda vilivyobanana. Iwapo hauna, unakuwa kama kichochoro kipana na moto unaishia pale. Watengenezaji hutumia pesa nyingi kupanua na kusafisha vichochoro hivyo, au kupaka kingo za punje dispirosiamu, madini adimu yenye bei ya kutisha. (Kwa wanaofuatilia habari za Mrima Hill kule Kwale: neodimiamu na wenzake ndio madini adimu yanayozungumzwa.)

Kwa hiyo tunataka jicho lenye sifa tatu kwa pamoja. Lipenye chuma, lione vitu vya ukubwa wa nanomita, na lisikie upande ambao kila sumaku ndogo imeelekea.

Eksirei ya kawaida ya maabara inashindwa sharti la kwanza: ndani ya chuma huishia mikromita chache tu. Inashindwa pia la tatu, kwa sababu inagongana na elektroni na huangalia hasa idadi yake. Chuma kina elektroni 26 na kobalti 27, na mbele ya eksirei hao ni mapacha. Ziko eksirei za mitambo mikubwa zinazoweza kusoma usumaku, na zinafanya kazi nzuri kwenye tabaka nyembamba, lakini kwa kipande kinene cha mota wanaoitwa ni nyutroni.

Nyutroni, chembe iliyomo kwenye viini vya atomu, iligunduliwa na James Chadwick huko Cambridge mwaka 1932. Haina chaji, na hiyo ndiyo leseni yake ya kupita: elektroni haziizuii, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye kiini cha atomu. Sentimita moja ya chuma hupunguza miale yake lakini haiifuti. Risasi, ambayo hospitalini hutumika kama kinga dhidi ya eksirei, kwa nyutroni ni kama pazia jepesi, ilhali maji yanaitawanya vibaya. Na nguvu ya mtawanyiko haifuati idadi ya elektroni. Kobalti hutawanya kwa udhaifu kuliko chuma, na manganizi hulirudisha wimbi likiwa limepinduliwa. Wale mapacha wa eksirei, hapa kila mmoja ana sura yake.

Jambo la ajabu ni kwamba nyutroni, ingawa haina chaji, ni sumaku. Ndani yake mna kwaki, chembe ndogo zinazoiunda, zenye chaji zinazofutana kwa jumla, lakini usumaku wao haufutiki. Ni sumaku dhaifu, karibu mara 960 chini ya ile ya elektroni, ila inatosha. Ikipita karibu na atomu ya chuma inapata misukosuko miwili, mmoja kutoka kwa kiini na mwingine kutoka kwa usumaku wa elektroni zake. Ukiipima kwa kizio chao, ule wa kiini ni 9.5 hivi na ule wa usumaku ni karibu 6. Asili ingeweza kufanya mmoja uwe mdogo mara elfu, nasi tusingejua lolote. Badala yake sauti mbili zinakaribiana, na miale ileile inaleta habari za mahali atomu zilipo na habari za zinakoelekea.

Lakini habari hizo zinaletwaje? Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu wanasubiri picha. Jaribu hivi: usiku, simama mahali ambapo taa ya barabarani inaonekana kwa mbali, uitazame kupitia shela nyepesi au kitambaa cha mwavuli. Hutaona taa moja. Utaona msalaba wa nukta za mwanga. Zungusha kitambaa, na msalaba unazunguka nacho. Chukua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizobanana zaidi, nukta zinaachana zaidi. Hujaziona nyuzi zenyewe, lakini kutokana na nukta ungeweza kupiga hesabu ya nafasi kati ya uzi na uzi. Nyutroni nayo ni wimbi, na fuwele ni kitambaa. Ikiwa imepoozwa kwa maji hadi kasi ya mita 2,200 hivi kwa sekunde (kasi ya kukufikisha Mombasa kutoka Nairobi chini ya dakika nne), urefu wa wimbi lake unakaribiana na nafasi kati ya atomu. Bahati nyingine hiyo.

Aliyeonyesha kwamba njia hii inasoma usumaku ni Clifford Shull. Alifika Oak Ridge, Tennessee, mwaka 1946, akamkuta Ernest Wollan ameanza majaribio kwenye kinu cha nyuklia kilichowashwa 1943 kwa ajili ya mradi wa bomu. Kinu cha vita kikapewa kazi ya amani. Mwaka 1949 Shull na mwenzake Samuel Smart waliweka oksidi ya manganizi mbele ya miale. Kwenye joto la kawaida walipata vilele vya mtawanyiko, yaani pembe ambako nyutroni nyingi zaidi hufika, kama walivyovitarajia. Walipoipoza hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, vikatokea vilele vipya mahali ambapo kwa muundo wa atomu hapangekuwa na kitu. Mahali pa vilele hivyo palimaanisha kuna mpangilio unaojirudia kwa umbali maradufu ya ule wa atomu.

Fikiria Jogoo Road, ukahesabu magari yote kwa kutoa yanayokwenda mjini na yanayotoka mjini. Ukipata sifuri, utasema barabara ni tupu? Louis Néel, Mfaransa, alikuwa amependekeza katika miaka ya 1930 kwamba kuna vitu ambavyo atomu zake ni sumaku kali, lakini zimepangwa moja juu moja chini, na kwa nje jumla ni sifuri. Ukikigusisha na msumari hakivuti. Hakuna kipimo cha kawaida kingemwonyesha mtu mpangilio huo. Nyutroni iliuona, kwa sababu kwake atomu iliyoelekea juu na iliyoelekea chini si kitu kimoja, hata kama zote mbili ni manganizi. Néel alipata Nobel mwaka 1970. Shull alingoja hadi 1994, akiwa na miaka 79, alipoigawana na Bertram Brockhouse wa Kanada, aliyefungua njia ya kupima nishati ambayo nyutroni hupata au hupoteza inapotawanyika. Wollan alikuwa amekwisha kufa miaka 10 kabla.

Sasa turudi kwa punje za fundi wetu, maana Shull alikuwa akisoma nafasi kati ya atomu, na tatizo letu liko kwenye vitu vikubwa kuliko hivyo mara mia na zaidi. Kumbuka kitambaa: nyuzi zikiachana zaidi, nukta zinasogeleana. Kwa hiyo kitu kikubwa kinatawanya kwa pembe ndogo. Chukua nyutroni iliyopoozwa zaidi, kwa hidrojeni ya kimiminika, hadi wimbi lake liwe na urefu wa nanomita 0.6. Kitu chenye ukubwa wa nanomita 100 kitaipotosha kwa theluthi moja ya digrii tu. Ukiweka kigunduzi mita 20 nyuma ya sampuli, theluthi hiyo inakuwa sentimita 12 kutoka katikati, na hapo inapimika. Ndiyo maana vifaa hivi ni mabomba marefu yasiyo na hewa, makubwa kama behewa la treni au zaidi, ingawa sampuli ni kipande cha kukaa kwenye ukucha.

Jaribio lenyewe huenda hivi. Sumaku inawekwa kati ya ncha za sumaku nyingine yenye nguvu kubwa, hadi karibu kila spini, yaani ile sumaku ndogo ya atomu, imelazimika kuelekea upande mmoja, na mtawanyiko unarekodiwa. Kisha nguvu ya nje inapunguzwa polepole, na kurekodi kunaendelea. Viini vya atomu havijali nguvu hiyo, kwa hiyo mchango wake unabaki vilevile na unaweza kutolewa. Kinachobaki kinatoka kwa spini zilizoanza kukaidi. Na kuna jambo linalosaidia sana: nyutroni husikia tu ile sehemu ya usumaku iliyo wima dhidi ya upande inakotawanyikia. Kwa hiyo sura kwenye kigunduzi si duara. Inaweza kuvutika upande mmoja, au kutoa majani manne kama ua. Majani manne yalipoonekana kwenye aloi za chuma zenye chembe za nanomita, watafiti, miongoni mwao Andreas Michels ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Luxembourg, waliweza kueleza kwamba kila chembe inamwaga usumaku wake nje na kuzipotosha spini za jirani. Ukaidi unaanzia mpakani, na upana wa eneo lililopotoshwa unasomeka kutokana na jinsi mng'ao unavyofifia kwenda pembeni.

Kwa sumaku za neodimiamu zenye punje ndogo, watafiti wa Japani wametumia njia hiyohiyo kulinganisha sumaku ya kawaida na ile ambayo aloi ya neodimiamu na shaba imepenyezwa kwenye mipaka ya punje. Wanachokitafuta ni ukubwa wa vipande vinavyogeuka pamoja. Vikiwa vidogo, karibu sawa na punje, vichochoro vinafanya kazi na kila punje inageuka peke yake. Vikiwa vikubwa, moto umeruka.

Hapa nina neno na wenzangu waandishi wa sayansi. Hizo picha za rangi nyekundu na buluu zinazopambwa kwenye habari si picha za ndani ya sumaku. Kigunduzi kinahesabu nyutroni ngapi zimefika wapi, basi. Kutoka hapo hadi kwenye muundo wa ndani mtu hupita kwenye modeli, na modeli mbili tofauti zinaweza kutoa mng'ao unaofanana. Hadubini ya elektroni inakuonyesha mpaka mmoja waziwazi, lakini ni mpaka mmoja kati ya mamilioni. Nyutroni inakupa wastani wa mamilioni hayo bila kukuonyesha hata mmoja. Mtafiti mwenye busara hutumia zote mbili na kuona kama hadithi zinakubaliana. Mara chache tu ndipo kigunduzi chenyewe kinasema wazi, kama mwaka 2009 karibu na Munich, ambapo fuwele ya manganizi na silikoni, kwenye nyuzi 245 hivi chini ya sifuri, ilitoa nukta sita zilizopangwa sawasawa: vimbunga vidogo vya usumaku vilivyojipanga kama masega ya nyuki. Vinaitwa skirmioni, na wako wanaotumaini kuhifadhi data za kompyuta humo.

Ugumu wa kazi hii ni mwingi, na mwingine unachekesha. Boroni, ile iliyomo kwenye sumaku yenyewe, ni miongoni mwa vitu vinavyomeza nyutroni kwa pupa kubwa, hadi hutumika kutengeneza kinga. Kwa hiyo sampuli hukatwa vipande vyembamba visivyofika milimita moja, au hutengenezwa kwa boroni 11 peke yake, isotopu isiyo na uchu huo. Samariamu ya sumaku za samariamu na kobalti ni mlafi zaidi. Kobalti nayo, ikishapigwa na nyutroni, hugeuka kuwa na mionzi inayochukua zaidi ya miaka 5 kupungua nusu. Unaweza kusafiri na sampuli yako mkobani na kurudi bila hiyo.

Na kusafiri ni lazima, kwani Kenya haina kinu cha utafiti. NuPEA, shirika la serikali la nishati ya nyuklia, limekuwa likieleza mpango wa kujenga kimoja. Cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, na leo kimezimwa. Afrika Kusini ina SAFARI-1 pale Pelindaba, ya megawati 20, inayofanya kazi tangu 1965, na nyutroni zake zimetumika kuchunguza metali na fuwele. Nje ya bara kuna Grenoble nchini Ufaransa, kinu cha megawati 58, na kituo cha ISIS karibu na Oxford, Uingereza, ambako nyutroni hubanduliwa kwa kupiga metali nzito kwa protoni zenye kasi. Sehemu nyingi za namna hii humpa mtafiti siku chache baada ya kuandika ombi linaloshindanishwa na maombi ya wengine. Mwanafunzi wa uzamili wa hapa Nairobi mwenye swali zuri na mshirika anayekubalika huko anaweza kupata siku hizo. Swali la fundi, likisafishwa kidogo, lingetosha kuwa ombi.

Nilirudi Kariobangi wiki iliyofuata nikamweleza kwa kirefu. Alisikiliza akiwa anazungusha waya kwenye mota nyingine. Nilipofika kwenye mielekeo iliyogeuka, akanikatiza.

"Kumbe haijaharibika. Si irudishwe tu?"

Inarudishika. Punje ni nzima, kwa hiyo ukiipitisha kwenye koili yenye mshtuko wa tesla chache, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, spini zinarudi zilikokuwa. Nikamuuliza kama anamfahamu mtu mwenye koili ya namna hiyo hapa mjini.

"Hapana," akasema, akanyoosha mkono hadi kwenye kabati. Ile sumaku iliyochoka ilikuwa imebandikwa pale, imejaa skrubu.